Upande wa Kulia wa Kocha

Mpima macho alikuwa hajawahi kumpiga mtu maishani mwake. Utotoni ndugu zake walimnyang'anya nyama sahanini, naye akaishia kulia. Mume wake alipofungasha na kuhamia kwa mwanamke mwingine, yeye alimkunjia mashati. Ndiyo maana mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi naye, aliposikia kwamba binti yake wa miaka arobaini na sita anakwenda kujifunza ngumi, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Umechelewa, mwanangu," alisema. "Wa kupigwa alishaondoka na masanduku yake."

Lakini haukuwa mzaha. Daktari alimpima shinikizo la damu mara mbili, akatikisa kichwa, akapima mara ya tatu. Kazi ya mpima macho ni ya kukaa: tangu asubuhi hadi jioni yumo ndani ya chumba chenye pazia zito, nyuma ya duka la miwani, akiwauliza watu kama herufi inaonekana vizuri hivi au hivi. Wateja walimwita Mama Miwani. "Tafuta kitu cha kukutoa jasho," daktari alimwambia, "la sivyo tutaonana hapa kila wiki mpaka tuchokane."

Wiki hiyohiyo akaingia dukani mwanamke mwembamba, mama wa watoto pacha, kukaza skrubu ya miwani yake ya kusomea. Wakapiga soga. Soga ikafika kwenye shinikizo la damu, na Mama Pacha akasema mumewe ni kocha wa ngumi, anafundisha mtu mmoja mmoja, hata wanaoanza, hata watu wazima.

"Nenda, dada," alisisitiza, akimshika mkono juu ya kaunta, kama anayeomba msaada na si anayemtafutia mumewe mteja. "Mnasimama uso kwa uso saa nzima. Nenda tu."

Akaenda.

Ukumbi wa mazoezi ulikuwa ghala la zamani la saruji, nyuma ya karakana ya matairi. Mabegi matatu ya kupigia yalining'inia kwa minyororo kwenye boriti ya chuma, na ukiyapiga vumbi jeupe lilidondoka kutoka juu. Kocha alikuwa na miaka thelathini na tisa, pua imevunjika mara mbili, mabega kama kabati, na sauti ya upole isiyofanana na hayo yote. Zamani alipigana kwa jina la Radi. Nyuma ya mlango palibandikwa bango jipya: baada ya miaka minne, Radi anarudi ulingoni. Pambano lilikuwa limebakiza miezi mitatu.

Siku ya kwanza hakumruhusu kupiga chochote. Alimfunga bandeji mikononi taratibu, akiipitisha katikati ya vidole, akizungusha kwenye kifundo mara tatu. Kisha akamsimamisha: mguu wa kushoto mbele, wa kulia nyuma, kisigino cha nyuma kimeinuka kidogo, kidevu chini, mikono mashavuni, "kama mtu aliyepigiwa simu mbili kwa mpigo."

"Mkono ukitoka, urudi haraka ulikotoka," alimfundisha, "kama wa mdokozi wa nyama jikoni. Ukizubaa huko nje, mwenye chungu atakukamata."

Halafu kamba. Mama Miwani aliruka mara kumi na moja, akajikwaa, akaruka nne, akakimbilia ndoo iliyokuwa konani. Kocha alimngoja amalize kutapika, akampa kitambaa.

"Karibu kazini," alisema.

Jioni ile hakuweza kuinua mkono kuchana nywele. Mama yake akamchana, akiguna kwamba mtu amelipa fedha zake halali ili avunjwe. Lakini Jumanne alirudi, na Alhamisi pia, na Jumatatu iliyofuata. Saa kumi na mbili asubuhi yuko ghalani, saa tatu yuko dukani. Kamba ikafika mia moja bila kukatika. Akajifunza kwamba nguvu ya ngumi haitoki begani. Inatoka kwenye nyayo, inapanda, inageuza nyonga, mkono unaifikisha tu. Kocha alizipa ngumi namba. Moja ni ya kushoto iliyonyooka. Mbili ni ya kulia. Tatu ni ya kushoto inayotoka ubavuni na kuzunguka, ile ambayo kiwiko kinainuka. Yeye anavaa pedi, anaita, mwanafunzi anapiga. "Moja! Moja, mbili! Moja, mbili, tatu!" Wiki ya nane daktari akapima shinikizo, akapima tena, safari hii kwa furaha.

Alhamisi ya wiki ya tisa Kocha akaziweka pedi chini, akavaa glavu.

"Leo unampiga mtu," alisema.

"Mtu gani?"

"Mimi. Begi halikimbii, pedi zinakungoja. Mtu hangoji. Raundi moja, polepole. Mimi sirushi, nakwepa tu. Leo siiti namba. Ukiona nafasi, piga."

"Nikikuumiza je?"

Kocha akacheka. "Mama Miwani, hizo ngumi zako ni za kupangusa vumbi."

Wakazungukana. Alirusha moja, Kocha akapisha kichwa kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Alirusha mbili, Kocha akaisukuma pembeni. Moja tena. Mbili tena. Jasho likaanza kumwingia machoni. Ndipo akaliona shavu la kulia la Kocha liko wazi, halina mkono, na kabla hajaamua lolote nyonga yake ilikuwa imeshageuka na mkono wa kushoto umeshatoka, kiwiko juu, kama alivyofundishwa.

Alichokuja kukikumbuka siku zote ni lile jicho. Glavu inakwenda, imebakiza shibiri moja, na jicho la kulia la Kocha liko wazi, jeusi, linang'aa, halipepesi.

Ngumi ikatua chini ya sikio. Kocha hakuyumba wala hakurudi nyuma. Alishuka pale pale aliposimama, kama gunia lililokatwa kamba, na kisogo chake kikagonga mkeka kwa mlio mzito.

Mama Miwani alisimama na glavu zake mbili mbele ya kifua, kinywa wazi, akimwangalia mtu mwenye mabega kama kabati amelala miguuni pake. Nimeua, alijiambia. Mimi niliyekunja mashati, nimeua mtu kabla ya saa moja asubuhi.

Mama Pacha aliingia na ndoo na tambara; alikuwa akisafisha ukumbi kila asubuhi kabla ya kwenda shughuli zake. Aliona, akaiweka ndoo chini. Hakupiga yowe. Alipiga magoti, akamlaza mumewe ubavu, akamtoa kinga ya meno kwa kidole kama mtu aliyeshafanya hivyo mara nyingi, akainua uso.

"Umempiga kwa mkono gani?"

"Wa... wa kushoto."

"Kwa hiyo upande wake wa kulia," alisema Mama Pacha taratibu, na Mama Miwani akashangaa, kwa sababu uso wa yule mwanamke haukuwa wa mtu aliyepata habari. Ulikuwa wa mtu aliyeingojea.

Kocha akafumbua macho. Akaangalia boriti, akaangalia wanawake wawili, akaanza kucheka. "Nimeteleza," alisema. "Jamani, mkeka umelowa." Mkeka ulikuwa mkavu kama mfupa. Alikaa, akanywa maji, akaendelea kutania kwamba sasa Mama Miwani apewe nafasi yake kwenye bango. Alikuwa amemgeukia mkewe wakati anasema hayo. Mama Miwani, bila kujua kwa nini, au labda mikono yake ilijua, akainua glavu na kuipeleka kwa ghafla hadi karibu kabisa na jicho la kulia la Kocha, akaisimamisha hapo.

Kocha akaendelea kucheka.

Mama Miwani akaishusha glavu. Miaka ishirini na miwili alikuwa akiangalia ndani ya macho ya watu. Alimjua mwenye mtoto wa jicho tangu anapotafuta kiti. Na huyu amesimama mbele yake wiki tisa, siku tatu kila wiki, pua kwa pua, naye hakugundua kwamba jicho lake la kulia halioni. Kichwa kile alichokuwa akikigeuza kidogo kama kuku anayetazama punje, alidhani ni mtindo wa ngumi. Ule ukuta aliopenda uwe kuliani kwake, alidhani ni mazoea tu. Kwenye pedi hakukosea kwa sababu ngumi aliiita yeye mwenyewe.

Siku ile dukani alimpima mzee mmoja jicho la kushoto mara mbili, akasahau la kulia kabisa. Mzee ndiye aliyemkumbusha. "Na hili, binti yangu? Au hili limeshastaafu?"

Jioni akampigia Kocha simu. Hakumshutumu. Alimwambia aje kesho apimwe macho, bure, kama shukrani.

"Cheti cha macho ninacho tayari," Kocha alisema. "Chama cha ngumi kilishakipokea."

"Basi hutapoteza kitu. Njoo."

Kocha alikuja amevaa shati lililopigwa pasi. Akakaa kwenye kiti kirefu, akiangalia ubao wa herufi ukutani, hana wasiwasi hata kidogo. Mama Miwani akampa kifuniko, akamwambia azibe jicho la kushoto. Kocha akaziba. Mama Miwani akavuta pumzi, akatembea kwa ncha za vidole hadi ukutani, akaungoa ubao kwenye msumari, akaukumbatia kifuani.

"Soma," alisema.

"E," alisema Kocha. "Mstari wa pili, F, P. Wa tatu, T, O, Z." Akashuka hivyo, mstari baada ya mstari, bila kusita, kama mtoto anayeimba jedwali la kuzidisha, mpaka herufi ndogo kabisa za chini ambazo hata wenye macho mazima hukodolea. Alizisoma zote. Mbele yake palikuwa na ukuta mtupu na msumari.

Mama Miwani alikuwa ameshajua, lakini kujua ni kitu kimoja na kusikia ni kingine. Alimwonea huruma na kumwogopa kwa wakati mmoja: mtu huyu alikaa mahali, siku baada ya siku, akajifundisha kutojulikana.

"Toa kifuniko, Kocha."

Kocha akatoa. Akauona msumari. Akamwona mpima macho na ubao wake. 

"Maduka yote yana ubao uleule," alisema mwishowe, kwa sauti yake ya upole. "Tangu lini unajua?"

"Tangu jana. Tangu lini huoni?"

"Pambano la mwisho. Niliwaambia watu ni bega." Akainamisha kichwa. "Usimwambie mke wangu. Hajui. Amehangaika na mimi vya kutosha."

Mama Miwani alimwomba ruhusa ya kumwangalia pia jicho zima, la kushoto, na Kocha, labda kwa uchovu, akakubali. Alimtia matone, akangoja mboni ipanuke, akasogea na kurunzi yake ndogo. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akaiweka kurunzi mezani.

Utando wa nyuma ya jicho, ule unaopokea picha, ulikuwa umechanika kwa juu na umeanza kubanduka, kama rangi ya ukuta uliolowa.

"Unaona vimulimuli?" alimuuliza. "Nukta nyeusi, kama inzi?"

"Siku nane sasa. Nilidhani ni uchovu wa mazoezi."

"Kocha, unakwenda hospitali leo. Si kesho. Leo, sasa hivi. Huo utando ukibanduka wote, hutaona tena kitu chochote."

"Pambano limebakiza mwezi mmoja."

"Hakuna pambano!"

Kocha akasimama. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Miaka minne nimefundisha watu kupunguza vitambi! Minne! Mimi nimekufundisha kusimama, na wewe unataka kunikalisha?" Akagonga mlango kwa bega, lile la kulia, akatoka. Wateja waliokuwa kwenye benchi wakainua miguu yao kumpisha.

Mama Miwani alibaki amekaa kwenye kiti cha wagonjwa. Siku nane, alijihesabia. Vimulimuli vilianza kabla ya ngumi yangu. Lakini jana je? Kile kisogo kilivyogonga mkeka, hakikuongeza ufa? 

Alifunga duka mapema akaenda kwa Mama Pacha. Alimkuta akianua nguo. Alikuwa ameahidi moyoni kuficha siri ya Kocha, akajikuta anaitapika yote kabla hajakaribishwa kiti. Mama Pacha aliendelea kukunja sare za shule za pacha wake, moja, ya pili.

"La kulia nalijua mwaka wa pili huu," alisema. "Anamimina chai mezani anadhani ni kikombeni. Nilimuuliza siku moja, 'Baba Pacha, macho yako yana nini?' Akaninyamazia wiki nzima. Nikasema, kwangu hatasikia. Nikatafuta mtu wa kumwona." Akamgeukia. "Wewe. Skrubu ya miwani yangu niliilegeza mwenyewe, kwa ncha ya kisu."

"Mimi?"

"Wiki tisa, dada! Wiki tisa nasafisha ule ukumbi nangoja useme kitu. Nikaanza kuogopa kwamba na wewe huoni."

"Ungeniambia! Mimi nilidhani umenituma kwa ajili ya afya yangu. Kumbe hukunituma, ulinitumia!"

"Vyote viwili," alisema Mama Pacha, na hapohapo nguo zikamponyoka, akakaa chini kwenye saruji, akalia. "Lakini hili la kushoto sikulijua. Haki ya Mungu sikulijua."

Hasira ya Mama Miwani ilikosa pa kusimama. Naye akakaa chini.

Usiku huo Kocha alikataa kusikia habari ya hospitali. Mkewe aliposema tu neno "macho" alichukua mto wake akahamia sebuleni. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi Mama Miwani alikwenda ghalani na barua aliyoiandika kwa mkono, ukurasa mzima, kwa chama cha ngumi. Aliona si haki kuipeleka kabla mwenyewe hajaisoma.

Kocha alikuwa akiruka kamba, kifua wazi, ameuelekezea mlango jicho lake zima. Alimwona, hakusimama.

"Leo si siku yako."

"Nimekuletea kitu usome. Saa sita mchana nakipeleka. Ukiwa umeshafika hospitali, nakichana."

Aliiacha kamba ikaanguka. Aliichukua barua kwa hasira, akaipeleka karibu na uso, akasoma. Midomo yake ilicheza juu ya mistari mitatu, minne. Kisha ikasimama. Akaishusha karatasi, akaipandisha, akaisugua kwa kidole gumba.

"Mbona huku chini umemwaga wino?"

"Wapi?"

"Hapa. Nusu yote ya chini ni nyeusi. Nitasomaje?"

Karatasi ilikuwa nyeupe, mwandiko umenyooka hadi sahihi. Mama Miwani aliitazama, akamtazama yeye. Nyuma yake ndoo ya Mama Pacha ilianguka, maji yakatambaa sakafuni hadi kwenye viatu vyao.

Kocha alisikia maji. Akainamisha kichwa kuyatafuta, akayakosa. Akainua mkono wake wa kushoto mbele ya uso, akaushusha polepole, mpaka ukafika mahali ukapotea. Akaupandisha tena. Akaushusha tena.

"Mke wangu," aliita, na sauti ilikuwa ya mtoto aliyeamka katika nyumba asiyoijua. "Miguu yangu siioni."

Fundi wa matairi aliwapeleka hospitali kwa gari lake la mizigo, Kocha katikati, wanawake huku na huku, honi imeshikiliwa njia nzima. Walimfanyia upasuaji jioni ileile. Daktari wa macho alimweleza Mama Miwani, mtaalamu kwa mtaalamu, kwamba wangechelewa siku moja zaidi pengine kusingekuwa na cha kushona. Mama Miwani alimuuliza juu ya ile ngumi. Daktari akafikiri. "Huenda iliongeza, huenda haikuongeza," alisema. "Hilo hakuna atakayekwambia." Mama Miwani akabaki na swali hilo hivyo.

Nafasi yake kwenye pambano akapewa bondia mwingine. Kocha alikaa wodini kichwa amekielekeza alivyoagizwa, hazungumzi na mtu, Mama Miwani hasa. Siku ya nne tangu apasuliwe walipomfungua bandeji, alimkubalia aingie. Daktari akainua vidole.

"Vitatu," alisema Kocha. Jicho la kushoto lilikuwa limevimba, jekundu. "Sasa viwili. Chini kidogo bado kuna ukungu."

"Ukungu huo huenda ukabaki," alisema daktari, akatoka.

Kocha alimgeukia Mama Miwani. "Nataka ukweli. Kabla ya ile ngumi, hukuwahi kushuku? Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Mpima macho mzima." Akatabasamu kidogo, kwa fahari ya ajabu, kama mtu anayekumbuka pambano aliloshinda. "Basi nilikuwa hodari."

"Mimi nilijua," alisema Mama Pacha, aliyekuwa akimenya chungwa kando ya kitanda.

Tabasamu likaganda. Kocha alimtazama mkewe kama aliyepigwa tena chini ya sikio. "Ulijua nini?"

"La kulia. Mwaka wa pili."

Mama Miwani akatafuta pochi yake ili aondoke, lakini hakuiona.

"Ndiyo maana," Kocha alisema polepole, "kila tukitoka unahamia kuliani kwangu? Barabarani? Sokoni?"

"Baiskeli zingekugonga."

"Mimi nilidhani ni mapenzi."

Mama Pacha alitenga pande la chungwa, akamwekea mkononi, akamkunja vidole juu yake.

"Kula chungwa," alisema.